Sura ya Sita: Mjini Kasulu, Shambani Munanila

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 208,244 ndani ya mipaka ya Halmashauri ya Mji wa Kasulu. Mwaka huohuo Manispaa ya Moshi ilikuwa na watu 184,292, na Manispaa ya Iringa 151,345. Kwa hesabu hiyo, mji huu wa mkoa wa Kigoma uliipita miji miwili ambayo karibu kila Mtanzania anaifahamu, hata kama hajawahi kufika. Lakini mgeni anayeshuka stendi ya Kasulu akitarajia kukuta Moshi nyingine hatembei sana kabla maduka hayajaisha na migomba kuanza.

Takwimu ni sahihi. Mipaka ya halmashauri ndiyo mipana. Ndani yake zimo kata za katikati kama Murubona na Murusi, zenye ofisi, benki na nyumba za wageni, na zimo pia Heru Juu, Msambara, Muhunga, Ruhita na Nyumbigwa, ambako siku huanza kwa jembe. Mkazi wa Ruhita ni mtu wa mjini kwa mujibu wa sheria, na kwa mujibu wa mikono yake ni mkulima wa maharage. Mambo hayo mawili hayamsumbui. Kwa mtu wa nyanda za juu za Kigoma, kuwa wa mjini ni kuwa na njia fupi ya kwenda sokoni, shuleni na ofisini huku shamba likiwa bado upande wa pili wa bonde.

Sura hii inahusu maisha ya aina hiyo. Tanzania ina majiji sita, na vitabu, filamu na nyimbo zimeyaeleza vya kutosha, hasa Dar es Salaam, ambayo sensa ya mwaka 2022 iliikuta na watu 5,383,728. Ila kwa kila mkazi wa Dar es Salaam kuna Watanzania wengi zaidi ambao mji wanaoutumia ni wa aina ya Kasulu, Kibondo, au kituo cha biashara kama Munanila. Mji kwao ni mahali pa kuuza gunia, kupeleka mtoto kidato cha kwanza, kufuata hati ya kuzaliwa na kurudi nyumbani kabla ya magharibi.

Mji uliotawanyika vilimani

Kutoka Kigoma mjini, barabara huacha Ziwa Tanganyika likiwa mita zipatazo 773 juu ya usawa wa bahari, ikafika njia panda ya Kidahwe, kisha ikapanda. Kipande cha Kidahwe hadi Kasulu ni kilomita 63. Joto la ziwani linapungua, michikichi inakuwa michache, migomba inaongezeka. Kuelekea Heru Juu, Buhigwe na Manyovu, migongo ya vilima huvuka mita 1,500, na asubuhi za Juni na Julai hakuna anayetoka nje bila sweta.

Ardhi hii ndiyo iliyopanga mji, kuliko mchoro wowote wa mipango miji. Ofisi za serikali zilikaa Kasulu, kwenye boma la wakoloni. Kiti cha mwami, mtawala wa Heru, kilikuwa Heru Juu. Wakatoliki walijenga misheni yao Kabanga, nayo ikazaa hospitali na chuo cha ualimu. Waadventista Wasabato walijenga Heri, upande wa Manyovu, na hospitali yao ikawa kimbilio la wagonjwa wa pande zote mbili za mpaka. Waanglikana waliweka Kasulu makao ya Dayosisi ya Western Tanganyika, iliyoundwa mwaka 1966, na askofu wake wa kwanza, Musa Kahurananga, baadaye akawa askofu mkuu wa Kanisa Anglikana la Tanzania. Kahawa bora iko Manyovu. Asali inatoka misitu ya Kibondo.

Basi viungo ambavyo mji mkubwa huvikusanya katikati, hapa vimekaa kila kimoja na kilima chake. Familia ya Munanila inaweza kuwa na mgonjwa Heri, mtoto anayesomea ualimu Kabanga, kesi ya ardhi Kasulu na mjomba anayefuga nyuki Kibondo, na watu hao wote wakahesabiana kuwa wa mahali pamoja. Kinachowaunganisha ni miguu, baiskeli, basi dogo la asubuhi na, katika miaka ya karibuni, bodaboda. Dereva wa bodaboda hubeba mjamzito usiku, hubeba mkungu wa ndizi mchana, hubeba pia ujumbe, dawa na pesa. Siku madereva wakigoma au mafuta yakikosekana, mji mzima unasimama, kwa sababu vilima vyake vimetengana.

Munanila ni ngazi ya chini kabisa ya mji wa namna hii. Ni kata ya wilaya ya Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, wakati ambapo Kakonko nayo ilimegwa kutoka Kibondo. Kiutawala Munanila si mji. Wanaoishi vijiji vya jirani, hata hivyo, hupaita senta, na wakisema wanaenda senta wanamaanisha kila ambacho mtu huendea mjini: kusaga, kushona, kukata nywele, kuchaji simu, kutoa pesa kwa wakala, kuona mpira, kusikia habari.

Siku ya gulio ndiyo inayoonyesha ukubwa wa kituo kama hiki. Kina mama wanateremka na maharage, viazi, ndizi na tangawizi, zao ambalo Buhigwe imelifanya lake. Kutoka ziwani hupanda dagaa waliokaushwa, migebuka na madumu ya mawese. Wachuuzi wa mitumba hutandaza maturubai. Fundi baiskeli hana nafasi ya kuinua kichwa. Mchana watu hugawana ugali wa muhogo kwa mama lishe, na jioni uwanja unabaki na maganda ya ndizi na watoto wanaookota kilichodondoka. Kesho yake wafanyabiashara walewale watakuwa kwenye gulio la kilima kingine. Mji wa siku moja unahama, na wenyeji wanaijua ratiba yake kwa kichwa.

Waliopita

Watu wa nyanda hizi wamezoea kuishi na wanaopita. Novemba 1871, Henry Morton Stanley alipita Buha, nchi ya Waha wa hapa, akielekea Ujiji kumtafuta David Livingstone. Machifu wa njiani walimtoza hongo ya nguo na shanga, tena na tena, mpaka mwishowe akaondoka na msafara wake usiku, akapita porini ili asikutane na watoza wengine. Wasomaji wa Ulaya walisoma kisa hicho kama kisa cha uporaji. Ukikitazama kutoka Heru, unaona nchi iliyokuwa na utawala, mipaka na ushuru wake, na iliyojua thamani ya njia inayokatiza ardhi yake.

Waliofuata hawakulipa hongo. Wajerumani walipitisha amri. Mwaka 1916, katikati ya vita, majeshi ya Ubelgiji yaliteka Kigoma na Ujiji, na eneo hili likatawaliwa na Wabelgiji hadi Machi 1921, lilipokabidhiwa kwa Waingereza. Katika miaka ya 1930, kwa sababu ya malale, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu katika sehemu za Buha ikawakusanya kwenye makazi ya pamoja, mbali na mapori ya mbung'o. Kisha ikaja mikonge. Mashamba ya Tanga na Morogoro yalihitaji mikono, na Buha ikafanywa ghala la mikono hiyo. Shirika la waajiri wa mkonge, SILABU, lililoanzishwa mwaka 1944, liliandikisha vijana wa Kasulu na Kibondo kwa maelfu, likawasafirisha kwa reli ya kati, likawashusha upande wa pili wa nchi kama manamba.

Athari ya miaka hiyo haijafutika. Mji hukua pale ambapo nguvu za watu wake zinabaki. Nguvu za vijana wa Buha zilijenga utajiri wa pwani, na nyumbani wakabaki wazee, wanawake na boma lenye karani wa kodi. Kilimo cha biashara kilihimizwa kwingine. Kwa hiyo Kasulu na Kibondo zilianza maisha yao ya kisasa zikiwa vituo vya kuondokea. Hilo linaeleza kwa nini mji wenye watu wengi kuliko Moshi hauna majengo ya Moshi.

Baada ya uhuru ulifuata uhamisho mwingine. Operesheni Kigoma, iliyoanza mwaka 1972, iliwatoa watu kwenye makazi yaliyotawanyika, kila ukoo na migomba yake, ikawapanga kwenye vijiji vya ujamaa. Atazamaye leo nyumba zilizojipanga kwa mstari kando ya barabara za Kasulu na Buhigwe anaona kazi ya miaka hiyo. Vijiji vilileta shule na zahanati karibu. Vilileta pia umbali mpya kati ya nyumba na shamba, umbali ambao mama wa kata ya mjini anautembea mpaka leo akiwa na jembe begani na mtoto mgongoni.

Lugha moja, nchi mbili

Munanila iko karibu na mpaka wa Burundi. Kituo cha mpaka cha Manyovu kimo katika wilaya hiyohiyo ya Buhigwe, na ng'ambo yake ni Mugina, katika Burundi. Kiha na Kirundi ni lugha za karibu mno; Muha na Mrundi wakikutana sokoni kila mmoja huzungumza ya kwao na wakaelewana bila mkalimani. Bei hutajwa kwa shilingi na kwa faranga. Kitenge, sabuni na bia vimevuka mpaka huu miaka yote, kwa kibali na bila kibali, kama ambavyo wachumba wamevuka.

Maisha ya mji wa mpakani yana faida yake. Duka dogo linaweza kuishi kwa wateja wa nchi mbili. Mavuno yakiharibika upande mmoja, chakula hutafutwa upande wa pili. Mabamba, katika wilaya ya Kibondo, na Muhange, katika wilaya ya Kakonko, yamekuwa masoko makubwa kwa sababu hiyohiyo. Lakini mpaka ukifungwa, kwa siasa au kwa ugonjwa, mwenye duka huona katika wiki moja jinsi anavyoitegemea nchi ambayo si yake.

Kuna gharama nyingine isiyopimwa kwa pesa. Mkazi wa Munanila aliyezaliwa Tanzania, na wazazi waliozaliwa Tanzania, anaweza kuulizwa uraia wake kwa sababu ya lafudhi. Akiomba kitambulisho cha taifa au hati ya kusafiria huulizwa maswali ambayo Mtanzania wa Singida haulizwi, na huenda akalazimika kumleta mzee wa kijiji kutoa ushahidi. Katika mji mkubwa karatasi ndiyo inayomtambulisha mtu. Hapa anatambulishwa na jirani, na jirani akishuku, au akiwa na kinyongo cha kiwanja, shida huanza. Jambo hili linastahili kusemwa wazi: Waha ni Watanzania, na kuishi karibu na mpaka si kosa.

Mwaka 2010 wapiga kura wa huku walionyesha kwamba wana neno lao. Chama cha NCCR-Mageuzi kilipata viti vinne vya majimbo nchi nzima, na vyote vinne vilikuwa Kigoma. Vitatu kati ya hivyo, Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini na Muhambwe, viko kwenye nyanda hizi za juu. Miaka kumi na mmoja baadaye Philip Mpango, mbunge wa Buhigwe na mzaliwa wa wilaya hiyo, akawa Makamu wa Rais. Watu walioitwa wa pembezoni wamekuwa katikati ya siasa za nchi kwa njia zote mbili, ya upinzani na ya Ikulu.

Jiji lisilo na cheo

Novemba 1996, wakimbizi kutoka Kivu Kusini walipokuwa wakivuka Ziwa Tanganyika kukimbia vita vya Kongo, ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu, karibu na Makere katika wilaya ya Kasulu. Kambi za Warundi zilikuwepo tayari. Kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, Oktoba 1993, na vita vilivyofuata viliwaleta watu kwa maelfu, na orodha ya makambi ikawa sehemu ya jiografia ya mkoa: Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu; Nduta, Mtendeli, Kanembwa, Mkugwa na Karago upande wa Kibondo ya wakati huo.

Mtabila ilifungwa Desemba 2012. Miaka michache baadaye, machafuko ya mwaka 2015 nchini Burundi yalifungua ukurasa upya. Nyarugusu ikajaa hadi kupita watu 150,000. Nduta ikafunguliwa tena Oktoba 2015, na Mtendeli Januari 2016. Kwa kipindi hicho, baadhi ya makazi makubwa zaidi katika wilaya za juu yalikuwa makambi: yenye mitaa iliyopewa namba, shule, hospitali, makanisa, misikiti, vinyozi na mafundi cherehani, lakini bila meya, bila hati za viwanja, na wakazi wake hawakuruhusiwa kutoka bila kibali.

Miji ya wenyeji ilibadilika pamoja na makambi. Kibondo, ambayo ilikuwa makao tulivu ya wilaya, ilijaa magari meupe ya Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada. Nyumba iliyopangishwa kwa mwalimu ilipangishwa kwa afisa wa shirika kwa kodi ambayo mwalimu hawezi. Vijana waliomaliza kidato cha nne walipata kazi za ulinzi, ukarani, udereva na ukalimani. Wakulima walipata soko la ndizi na mboga mlangoni. Wengine walipata hasara: kuni zilikwenda mbali, na misitu iliyokuwa ya nyuki ikakatwa.

Kisha huja mwisho. Kambi inapofungwa, mji jirani hupoteza mishahara yote kwa mwezi mmoja. Gesti zinabaki tupu, mama lishe anapunguza sufuria, na kijana aliyejua kuendesha gari la shirika anarudi kijijini na leseni mfukoni. Mtabila imekuwa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Kanembwa vilevile. Mtendeli ilifungwa mwaka 2021. Waliojenga nyumba za kupangisha kwa mkopo, wakidhani wageni watakaa, ndio walioumia zaidi.

Hapa ndipo historia ya misafara, ya manamba na ya makambi inapokutana. Miji ya nyanda hizi imekuwa ikilishwa na watu wasiokusudia kukaa, na kila mara walipoondoka iliponea mashambani. Ndizi, muhogo na maharage vimeifadhili miji hii kwa uaminifu kuliko mradi wowote, na ndiyo maana mtumishi wa Kasulu, hata mwenye shahada, hakubali kukosa kipande cha ardhi.

Wanaokaa

Mtumishi mpya anayepangiwa kazi hapa kutoka Dar es Salaam au Arusha hupitia hatua zilezile. Kwanza anahesabu anavyokosa. Daktari bingwa yuko Hospitali ya Maweni, Kigoma mjini, na ugonjwa ukizidi atapelekwa Bugando, Mwanza, safari ya siku nzima. Vitabu havipatikani ila vya shule. Kipuri cha gari kinaagizwa. Duka likiishiwa kitu, mji mzima umeishiwa.

Baadaye anaanza kuhesabu anavyopata. Anatoka nyumbani dakika chache kabla ya saa ya kazi. Maziwa anayokunywa anamjua ng'ombe aliyeyatoa, na maharage anayanunua kwa gunia kutoka kwa aliyeyalima. Mshahara ambao Dar es Salaam ungeishia kwenye kodi na nauli, hapa unanunua kiwanja na matofali ya kuchoma. Mtoto wake akitoroka shule saa nne, saa tano ameshapata habari, kwa sababu muuza genge anamjua mtoto, anajua shule na anajua mzazi anafanya kazi wapi.

Kujulikana huko kuna uzito wake. Katika mji mdogo mtu hana pa kujificha akiwa na deni, akiwa na ugomvi wa ndoa, au akiugua maradhi ambayo watu huyasema kwa sauti ya chini. Msichana anayetaka ushauri wa uzazi wa mpango hukuta anayehudumia kaunta ni rafiki wa mama yake. Kijana anayefilisika biashara husemwa msimu mzima. Wako wanaoondoka kwa sababu hiyo tu, wakitafuta mtaa ambao hakuna anayewajua.

Uzito huohuo ndio unaobeba misiba. Mtu akifa Munanila, hakuna tangazo linalohitajika. Wanaume huchimba kaburi, kina mama huleta kuni, maji na unga, vijana hufunga maturubai, na daftari la rambirambi huandikwa jina kwa jina ili kila familia ikumbuke inadaiwa nini siku ya msiba mwingine. Mgeni aliyepangiwa kazi hapa huacha kuitwa mgeni siku anapoonekana kwenye mazishi ya mtu asiyekuwa na faida naye. Atasalimiwa kwa Kiha, *mwakeye*, njiani na watu ambao jana walimpita, na mzee ambaye hakumtazama machoni atamuuliza habari za wazazi wake.

Wengine huondoka, kama manamba walivyoondoka, ila sasa kwa hiari. Watu wa Kigoma wako kila soko la Dar es Salaam, na mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huo walikusanyika kwa jina la Kigoma All Stars wakatoa wimbo wa pamoja, *Leka Dutigite*. Wimbo ulipigwa nchi nzima, na vijana waliokuwa wakificha lafudhi yao mjini wakaanza kuringa nayo. Pesa wanazotuma kwa simu huezeka nyumba za Kasulu na Buhigwe kwa bati, na Desemba hurudi nazo mkononi. Wachache hurudi kukaa. Wanaorudi hufungua duka la vifaa vya ujenzi, famasi, au kituo cha kusaga kahawa na nafaka, na biashara hizo ndizo zinazowaajiri waliobaki.

Lami na nguzo za umeme

Kwa miaka mingi umeme wa Kasulu na Kibondo ulitoka kwenye majenereta ya dizeli. Mafuta yakichelewa, au mashine ikiharibika, mji ulilala gizani, na mwenye friji ya samaki alijua hasara yake kabla ya asubuhi. Mambo yalianza kugeuka mwaka 2022, mkoa ulipoanza kuunganishwa na Gridi ya Taifa. Mto Malagarasi nao unatarajiwa kutoa megawati 49.5 kwenye maporomoko ya Igamba, mradi uliopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Barabara imechukua muda mrefu zaidi. Upande wa Manyovu uliwahi kupata lami mapema, kilomita 60 kutoka Mwandiga, hivyo kahawa ya Manyovu ilifika Kigoma kwa urahisi huku magari ya Kasulu na Kibondo bado yakikwama kwenye tope. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260.6, pamoja na kipande cha Rumonge hadi Gitaza ndani ya Burundi. Kilomita 68.25 kati ya hizo ni za Kasulu hadi Manyovu, zinazopita wilaya ya Buhigwe. Mradi unajumuisha pia kituo cha pamoja cha forodha mpakani, ili lori lisimame mara moja badala ya mara mbili.

Faida zinaonekana kwa mkulima kabla ya mtu mwingine. Gunia la maharage halikai tena wiki kando ya njia likisubiri lori lenye ujasiri wa kupita. Mjamzito anafika Kabanga au Heri akiwa hai. Kahawa ya arabika ya vyama vya ushirika chini ya Kanyovu, muungano wa wakulima wa Kalinzi na Manyovu, inafika mnadani bila kunyeshewa.

Hatari nayo ipo, na wakazi wanaiona. Barabara nzuri huleta wanunuzi shambani, na pia huondoa mazao yakiwa mabichi. Tangawizi ya Buhigwe inaondoka kwa gunia ikiwa na udongo wake; inasagwa, inafungwa na kupandishwa bei kwingine. Kahawa inauzwa mbali. Viwanja vya kando ya lami vinanunuliwa na watu wasiojulikana, wakati wazee bado wanauza kwa bei ya shamba. Kata nyingi za Mji wa Kasulu hazijapimwa, na senta kama Munanila inakua duka kwa duka, kila mmoja akisogelea barabara kadiri anavyoweza, mpaka siku alama ya X ya kubomolewa itakapochorwa ukutani.

Mambo ya kufanya yanajulikana, na hayahitaji Kasulu iwe Dar es Salaam. Halmashauri za Kasulu, Kibondo na Buhigwe zinaweza kupima viwanja na kutenga masoko na stendi kabla kando za barabara hazijajaa. Vyama vya ushirika, vikiwa na umeme wa gridi, vinaweza kukausha na kusaga tangawizi palepale inapolimwa. Ada ya soko inayokusanywa siku ya gulio inaweza kurudi kujenga choo, paa na bomba la maji kwa mama anayeilipa. Hivi sasa wengi hulipa ushuru kila wiki na kuendelea kutandika bidhaa chini, juani na mvuani. Wilaya zilizokaribisha wakimbizi kwa miongo mitatu zina haki ya kudai kwamba majengo, visima na barabara za makambi yaliyofungwa vikabidhiwe kwa vijiji vikiwa bado vinafanya kazi. Na vijana waliojifunza kazi kwenye mashirika, wauguzi, mafundi maji, madereva na wakalimani, wanastahili kutafutwa na kuajiriwa hukuhuku, maana mkoa wa Kigoma ulikuwa na watu 2,127,930 mwaka 2012 na 2,470,967 mwaka 2022, na wengi wa walioongezeka bado ni watoto ambao katika miaka michache watauliza kama kazi iko Kasulu, Munanila, au mwisho wa safari ya basi la alfajiri.